Mafuta ya Pikapu Yanaliwa na Nani? Kidude cha Chini ya Usukani Chamaliza Ubishi Musoma

KAMA kuna kitu kinachogombanisha watu wazima mkoani Mara kuliko ng'ombe na mapenzi, basi ni mafuta ya gari. Nenda kijiwe chochote cha madereva, iwe Bweri stendi, Nyasho sokoni au Bunda mjini, kaa dakika kumi tu na kikombe chako cha kahawa. Wimbo ni ule ule. Tajiri anasema dereva anakula mafuta. Dereva anasema tajiri hajui gari. Utingo ananyamaza kimya, maana yeye ndiye anayejua siri zote za dumu na mpira.

Kila mmoja anaapa, tena wengine wanaapa kwa makaburi ya babu zao. Lakini ukiuliza gari linatumia lita ngapi kwa kilomita ngapi, hakuna mwenye namba. Na pasipo namba, msomaji wangu, mshindi ni mwenye gari, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kusema neno moja tu: "Lete funguo."

Funguo zikishaletwa, kibarua kimeota nyasi. Wangapi wameachishwa kazi kwa wizi ambao haukutokea? Na wangapi wameiba kweli, wakapeta kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha? Hapo ndipo pana kasheshe.

Leo nakuletea habari za kidude kimoja kidogo, kwa ukubwa hakizidi sana pakiti ya sigara, kinachochomekwa chini ya usukani na kukuambia gari lako linakunywa kiasi gani papo hapo, unavyoliendesha. Nimekaa nacho ndani ya pikapu kwa wiki kadhaa, Musoma, Butiama na Bunda. Kimeokoa kibarua cha mtu, ila si kwa namna wengi wanavyodhani.

PIKAPU YA MNADANI

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 2007, dizeli, injini ya lita 2.5, zile zinazoitwa D-4D. Ilitumika kwenye mradi fulani, ikachoka, ikapigwa mnada. Aliyeinunua ni mama mmoja wa hapa Musoma, mfanyabiashara wa dagaa, mtu mzima mwenye heshima zake. Mpaka anaichukua ilikuwa imeshakula kilomita zaidi ya laki tatu, lakini injini bado inaitika.

Dereva ni shemeji yangu, mume wa dada. Kazi yake ni hii: alfajiri anapakia dagaa mwaloni, anawapeleka Bunda, umbali wa kama kilomita 70 hivi. Akishusha anarudi mpaka Makutano, anakata kwenda Butiama kuchukua mahindi au mihogo mikavu, halafu anateremka kurudi Musoma. Ukijumlisha na kuzunguka vichochoroni kupakia na kushusha, mzunguko mmoja ni kilomita 190 hivi. Kwa wiki ni mizunguko mitatu, yaani kilomita 570.

Sasa pale mnadani mjuaji mmoja alimwambia mama kwamba gari hilo linakwenda kilomita 12 kwa lita moja. Mama akaishika namba hiyo kama sala. Kila wiki anagawa 570 kwa 12, anapata lita 47 na nusu. Lakini risiti za sheli zinasema lita 60. Kuna lita 12 na nusu hazionekani. Chukua bei ya Sh 3,000 kwa lita, kwa hesabu rahisi tu, maana bei ya kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi na hupanda na kushuka. Hiyo ni Sh 37,500 kwa wiki. Kwa mwezi ni Sh 150,000. Mkwanja huo si wa kuuchekea hata kidogo.

Mama hakufoka. Alimwita shemeji, akamkaribisha chai, akamwambia taratibu, "Mwanangu, hili gari linakunywa au linaogeshwa? Nakupa mwezi huu uniambie mafuta yangu yanakwenda wapi."

Shemeji alirudi nyumbani akakataa kula. Dada ana watoto wawili na kodi ya nyumba inasubiri. Ndiyo maana niliitwa. Mimi nimeishia kidato cha nne, uendeshaji siujui sana, lakini kuandika na kugawa ninajua. Nikawa karani wa pikapu.

KIDUDE CHENYEWE

Kidude kililetwa na kijana wa mama huyo anayesoma Mwanza. Ni cha Kichina, kina kioo kidogo na waya. Bei yake ni ndogo kuliko kujaza tangi mara moja. Ukubwa wa jina lake hauna maana, cha maana ni wapi unakichomeka.

Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 yana tundu moja chini ya dashibodi, karibu na miguu ya dereva. Lina matundu madogo 16, pana juu, jembamba chini. Mafundi huchomeka hapo mashine ya kupimia ile taa ya injini inapowaka. Tundu hilo lilianza kwa amri ya serikali: Marekani ilitaka magari yote madogo mapya ya kuanzia mwaka 1996 yawe nalo, ili iwe rahisi kukagua moshi. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Magari ya masoko mengine yalilipata polepole. Ndiyo maana unaweza kukuta magari mawili yanayofanana kwa sura, moja linalo na jingine halina.

Basi, lengo lilikuwa moshi, lakini wajanja wakagundua kwamba kupitia tundu hilo kompyuta ya gari inasema mambo mengi: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, hewa inayoingia. Ukiwa na hayo unaweza kukisia mafuta. Huko Marekani mwaka 2008, petroli ilipopaa bei, wakatokea watu wenye mchezo wa kushindana nani ataendesha mbali zaidi kwa mafuta kidogo. Vidude hivi, kama kile maarufu cha ScanGauge, vilikuwa ndiyo silaha yao. Mchezo ulivuma mpaka kamusi moja kubwa ya Kiingereza cha Marekani ikachagua jina la mchezo huo kuwa neno la mwaka.

Vipo pia vidude visivyo na kioo, vinavyotuma habari kwenye simu kwa blututhi. Ni rahisi zaidi. Shida yake ni moja: simu ikizima, ikipigiwa au ikitoka na mwenyewe, hesabu inakatika. Kwa gari la kazi, chenye kioo chake ni bora. Na gari likikaa siku nyingi bila kuwashwa, kichomoe, kwa sababu tundu lile lina umeme muda wote na betri iliyochoka inaweza kunyonywa.

MTEGO WA DIZELI

Hapa naomba utulie, maana ndipo wengi wanapopigwa chenga.

Kidude hakina mdomo ndani ya tangi. Hakionji mafuta. Kinapiga hesabu tu. Kwenye gari la petroli hesabu hiyo ni rahisi kidogo, kwa sababu injini ya petroli inachanganya hewa na mafuta kwa kipimo kinachojulikana: karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ukijua hewa, umejua mafuta.

Dizeli haiko hivyo. Injini ya dizeli inavuta hewa nyingi hata kama kazi ni ndogo, na dereva akikanyaga kinachobadilika zaidi ni mafuta. Kwa hiyo kidude kinachoangalia hewa peke yake kitakudanganya, na mara nyingi kitasema gari linakunywa kuliko ukweli. Fikiria mama angekiamini siku ya kwanza! Shemeji angetoka hapo na pingu.

Dawa yake ni kukifundisha. Unajaza tangi mpaka juu, unaanza hesabu. Unatembea mpaka tangi linakaribia kuisha, unajaza tena mpaka juu, tena sheli ile ile na pampu ile ile, gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Unaangalia pampu imesema lita ngapi, unakiingizia kidude namba hiyo. Kinajisahihisha. Ukirudia mara mbili tatu kinakaa sawa.

Lakini kuna hila moja ndani yake. Kama wakati wa kukifundisha kuna mtu ananyonya mafuta usiku, kidude kitajifunza kwamba huo ndio ulaji wa gari. Mwizi atakuwa amehalalishiwa wizi wake na mashine. Hivyo wiki ya kukifundisha lazima pande zote mbili ziwepo.

Nilipomweleza mama jambo hilo, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi na mimi nitapanda."

MAMA NDANI YA KEBINI

Kweli bwana, mama alipanda. Mizunguko yote mitatu. Mfuniko wa tangi ulifungwa, ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kitenge. Usiku gari lililala uani kwake. Mimi niliketi katikati na daftari, magoti yamegusa gia.

Siku mbili za mwanzo hakuna aliyeongea sana. Shemeji aliendesha kama siku zote, kwa sababu tulikubaliana asibadilishe kitu. Kidude kikawa kinameremeta, namba zinapanda na kushuka, na mama macho yake hayabanduki pale.

Mwisho wa wiki tukajaza. Kidude kilisema tumechoma lita 71. Pampu ikasema lita 60. Unaona? Kidude kilizidisha lita 11, kama nilivyokueleza kuhusu dizeli. Lakini kubwa zaidi ni ile 60. Zilikuwa lita zile zile ambazo risiti zilikuwa zinasema siku zote. Wiki nzima mama amekaa ndani ya gari na ufunguo wa tangi kwenye kitenge, na bado gari limekunywa lita 60. Gawa mwenyewe: kilomita 9.5 kwa lita.

Hapakuwa na wizi. Palikuwa na namba ya mnadani.

Mama alinyamaza kidogo pale sheli, akalipa, akamwambia shemeji, "Twende nyumbani mwanangu, ukale." Sijui kama hiyo ilikuwa samahani. Kwa mtu mzima wa kwetu, mwaliko wa kula ni maneno mengi.

Sasa utaniuliza, kama daftari na pampu vimetosha kutoa jibu, kidude cha nini? Swali zuri. Daftari linakuambia mafuta yamekwenda kiasi gani. Halikuambii yamekwenda wapi. Na mama bado alitaka kujua wapi.

BARABARA YAANZA KUSEMA

Wiki ya pili, kidude kikiwa kimeshasahihishwa, tulipishana na pampu kwa lita moja tu. Hapo ndipo tukaanza kukiamini na kukiuliza maswali.

Kwanza, mwendo. Kutoka Makutano kwenda Bunda lami ni nzuri na mguu unawasha. Shemeji akiwa kwenye 110, kidude kilionyesha kilomita 8 kwa lita. Akishuka mpaka 80, kikapanda mpaka 11 na ushee. Gari lile lile, mzigo ule ule. Sababu ni upepo. Ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya upepo inayolisukuma gari nyuma inakaribia kuwa mara mbili. Na unaokoa muda gani? Kwa kila kilomita 50 unawahi kwa dakika kumi hivi, yaani muda wa kunywa soda. Tena vijijini kuna 50 na tochi za trafiki, kwa hiyo dakika zenyewe unazirudisha ukiandikiwa faini.

Pili, namna ya kupakia. Gunia la dagaa ni jepesi, kwa hiyo vijana wa mwaloni hupenda kupanga mpaka juu kabisa ya kebini, halafu turubai linapepea kama bendera. Kumbe mzigo mwepesi uliopaa juu unaweza kuumiza kwenye lami kama mzigo mzito. Tulipopanga magunia chini na kukaza turubai, tukaona tofauti kwenye kioo, si kubwa sana lakini ipo.

Tatu, kusimama na injini inaunguruma. Hii ilinishangaza. Mwaloni unaweza kusubiri mzigo saa nzima, shemeji kawasha gari ili apate kiyoyozi na kuchaji simu. Kidude kilisema lita 0.7 kwa saa. Ukiitazama unaiona ndogo. Lakini kwa mzunguko mmoja, ukijumlisha mwaloni, Bunda sokoni na Butiama, zilifika saa mbili. Kwa mizunguko mitatu ni saa sita, zaidi ya lita nne kwa wiki, gari halijasogea hata hatua moja. Mama alipoona hivyo alisema, "Kumbe mwizi ni kiyoyozi!" Tukacheka wote, kwa mara ya kwanza.

Nne, mlima. Barabara ya kuingia Butiama inapanda, na pikapu ikiwa na mzigo kidude kilishuka mpaka 5, mara 4. Hapo hakuna ujanja, mlima lazima ulipiwe. Lakini gari likiwa tupu, tambarare, mwendo wa upole, tuliiona 12 kwa macho yetu, hata 12 na kitu. Kwa hiyo yule bwana wa mnadani hakupiga fiksi moja kwa moja. Namba yake ni ya gari lisilofanya kazi. Nani ananunua pikapu ili itembee tupu?

Butiama tulipumzika karibu na Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Mzee mmoja aliyetuona tunakodolea kidude macho alicheka sana. Akatukumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda bei duniani, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Enzi hizo, alisema, hukuhitaji kioo cha kukufundisha kubana mafuta, foleni ya sheli ilikufundisha.

NYUTRO: UCHUMI WA KUJIUA

Sasa hili nalo naliweka peke yake kwa sababu linahusu roho za watu.

Madereva wetu wengi wakifika mteremko wanatoa gia, wanaweka nyutro, gari linaserereka lenyewe. Wanasema wanabana mafuta. Shemeji naye alikuwa na tabia hiyo kwenye mteremko wa kutoka Butiama. Mama hakujua kama ni hatari. Kidude kikaamua ugomvi.

Ukiweka nyutro, injini inabaki inaunguruma yenyewe, na ili isizime inahitaji mafuta. Kidude kiliendelea kuhesabu ile 0.7 kwa saa. Lakini ukiliacha gari kwenye gia na kutoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta ya gari inakata mafuta kabisa. Kidude kilichopangwa vizuri kinaonyesha sifuri. Sifuri bwana! Yaani anayeteremka na gia ndiye anayebana mafuta, na wa nyutro ndiye anayemwaga.

Tabia ya nyutro imetoka kwenye magari ya zamani ya kabureta, na kule ilikuwa na mantiki yake. Kwenye gari la kompyuta haina. Na ubaya wake mkubwa si mafuta. Ukiwa nyutro, injini haikusaidii kushika gari, kazi yote inabaki kwa breki. Breki zikichemka na mzigo uko nyuma, hapo unaanza kumwita Mungu kwa lugha zote. Wale Wamarekani wa mashindano wengine walifika mpaka kuzima injini kwenye mteremko na kufuata malori kwa karibu ili wakingwe upepo. Usiige. Ukizima injini unapoteza msaada wa breki na usukani unakuwa mzito. Hakuna lita ya dizeli yenye thamani ya jeneza.

LITA SABA ZA AMANI

Baada ya wiki hizo tulikubaliana mambo matano. Mwendo 80 kwenye lami. Kusubiri zaidi ya dakika mbili tatu, zima. Magunia chini, turubai likazwe. Upepo wa tairi upimwe kila wiki kwa namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, maana tairi legevu ni sawa na kuvaa malapa kwenye matope. Na nyutro marufuku.

Matokeo? Kilomita 10.8 kwa lita. Kwa kilomita 570 ni lita 53 hivi badala ya 60. Lita saba kwa wiki, Sh 21,000 kwa bei yetu ile ya mfano. Haijafika 12 na haitafika, na sasa mama analijua hilo. Aliamua mwenyewe kwamba kinachookolewa wagawane nusu kwa nusu na shemeji. Shemeji naye amegeuka mtu wa kukemea wenzake stendi, "Zima gari hiyo mura, unachoma hela!"

Lakini nisikudanganye, msomaji. Kidude hakipunguzi mafuta hata tone. Kinachopunguza ni mguu, na mguu ni wa binadamu. Dereva anayechukia tajiri wake anaweza kukipuuza au kukichomoa. Na tajiri anayemshuku dereva wake anaweza kukigeuza fimbo ya kumchapia kila jioni kwa namba asizozielewa. Kwa shemeji kilisaidia kwa sababu mwenye gari alikubali kupanda na kuona mwenyewe.

KAMA GARI LAKO HALINA TUNDU

Nyie wenye pikapu za zamani zaidi, Hilux zenye injini za 2L na 3L na ndugu zao wenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, msinunue kidude. Hakina pa kuongea. Kabla ya kutoa hela yako, inama chini ya usukani uone kama tundu lipo, tena omba ukijaribu papo hapo, kwa sababu magari mengine yana tundu lakini hayasemi lugha zote.

Nyie dawa yenu ni daftari. Jaza mpaka juu, andika kilomita. Tembea. Jaza tena mpaka juu, andika kilomita na lita. Toa, gawa, basi. Usifanye kwa mafuta ya Sh 10,000 na Sh 20,000, hutapata jibu. Fanya mara tatu, chukua wastani, na andika siku hiyo gari lilibeba nini. Mara ya kwanza mwenye gari awepo.

Na jihadhari na matapeli. Kuna kidude kingine kinachochomekwa tundu lile lile na kuuzwa kwa maneno kwamba kinapunguza mafuta chenyewe, kina taa zinazowakawaka kama disko. Mwaka 2017 wataalamu walikifungua kimoja kinachoitwa NitroOBD2, wakakuta hakiongei kabisa na kompyuta ya gari. Kazi yake ni kuwasha taa tu. Kipimo ni kipimo, dawa ni dawa. Anayekuuzia kipimo kwa jina la dawa amekuzoea.

Kwa matajiri wenye magari barabarani, ushauri wangu wiki hii ni mmoja: kabla hujasema "lete funguo", funga mfuniko wa tangi, panda mbele, mtembee tangi moja pamoja. Mkikuta mafuta yameibwa, utakuwa na ushahidi. Mkikuta hayakuibwa, nunua nyama kilo moja, mle.

Ni hayo tu. Tusomane wiki ijayo, na ukiwa unasubiri mtu hapo nje, zima gari.